Sikio linavyokuponza kwenye swali la kusahihisha sentensi

"Karafuu zilizoanikwa tangu jana kwenye uwanja wa skuli yetu haijakauka."

Sentensi hii niliiandika ubaoni Wete, kwenye darasa la marejeo ya Kidato cha Nne, nikawauliza vijana kosa liko wapi. Binti mmoja wa mstari wa mbele akaisoma kwa sauti. Akairudia. Akairudia tena, kisha akaniangalia. "Maalim, hii mbona sawa?"

Sikushangaa. Mtoto wa Pemba karafuu hafundishwi, na sentensi ile aliielewa alipoisoma mara ya kwanza. Tatizo ni kwamba sikio likishapata maana hulala. Alipofika kwenye "haijakauka", neno lililokuwa bado linamlia sikioni ni "yetu", la skuli. Yetu, haijakauka: mbona zinapatana vizuri? Zinapatana, lakini skuli haikuanikwa. Mtunzi wa swali ameiweka hapo makusudi, karibu kabisa na kitenzi, ili ikuvute.

Walimu wengi hufundisha mbinu ya kufunika maneno ya katikati na kusoma nomino na kitenzi chake tu. Ni mbinu nzuri, ila ukiitumia kibubusa itakuangusha. Jaribu hapa: "Karafuu haijakauka." Inasomeka bila kasoro! Nomino za ngeli ya I-ZI hazibadiliki umbo zikiwa nyingi. Karafuu moja ni karafuu, na gunia zima ni karafuu. Umoja na wingi huonekana kwenye neno la kwanza linalofuata upatanisho, ambalo hapa ni "zilizoanikwa". Kwa hiyo usilifunike hilo. Shika nomino, shika neno la kwanza linaloifuata kwa upatanisho, halafu ruka moja kwa moja hadi kitenzi kikuu: zi-, ha-zi-. Hazijakauka.

Nomino kama "vitabu" au "miti" ni nyepesi kwa sababu wingi wake umo ndani ya neno lenyewe. Mtunzi mjanja hazihangaikii sana. Yeye hupenda nguo, nazi, barua, ndizi, nyumba.

Kosa jingine, na hili ninaliona hata kwenye barua za ofisini, ni "mgeni ambaye aliyefika jana". Hapo pana virejeshi viwili, "ambaye" na "-ye-" ya "aliyefika"; kimoja kinatosha. Andika "mgeni aliyefika jana" au "mgeni ambaye alifika jana", basi. Vivyo hivyo "kila watu" (ni "kila mtu") na "mahali hapa ni nzuri" (ni "pazuri"). Haya hayahitaji falsafa, ni ya kukariri tu.

Makosa ya mantiki ni ya aina yake, kwa sababu upatanisho wake huwa safi. "Chai imeingia nzi." Ngeli iko sawa na kitenzi kiko sawa, lakini chai haiingii mahali. Andika "Nzi ameingia kwenye chai." Ukimaliza kukagua viambishi na hujaona kitu, jiulize nani hasa ametenda.

Halafu lipo kundi linalopoteza alama kwa kujua sana. Wamefundishwa kwamba watu na wanyama hufuata A-WA, wakikutana na "Dada yangu amefika" wanaibadilisha kuwa "Dada wangu amefika". Sasa wameiharibu sentensi iliyokuwa sahihi. Majina ya udugu na urafiki yasiyoanza na m-/wa- huchukua yangu na zangu: baba yangu, rafiki zangu, shangazi yetu. Kitenzi ndicho kinachobaki na a- na wa-: "Rafiki zangu wamefika." Usiguse kitu ambacho huwezi kutaja kanuni kiliyoivunja.

Sasa la kwetu wenyewe, sisi wa Zanzibar. Tunajivunia, na tuna haki, kwamba kikao cha Mombasa cha 1928 kilichagua Kiunguja, lahaja ya mjini Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Lakini msingi si nyumba nzima. Mimi nyumbani kwangu nasema "Juma kaja" na "nshakula", na sina mpango wa kuacha. Kwenye karatasi ya mtihani naandika "Juma amekuja" na "nimeshakula". Na "kitu chengine" cha mtaani, huko kiandike "kitu kingine". Mtihani wa Kidato cha Nne hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania kwa watahiniwa wa pande zote za Muungano, na kipimo chake ni lugha sanifu, si ya barazani.

Wanaojiandaa kwa mitihani ya Kiingereza nao huniuliza kama mbinu ni hiyo hiyo. Ni hiyo: tafuta mwenye kitenzi. Kazi ni ndogo kidogo, maana kitenzi cha Kiingereza hubadilika kwa umoja na wingi hasa katika wakati uliopo, wakati chetu hubeba kiambishi cha mtenda karibu kila mara. GMAT, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili ya biashara, mpaka toleo lake jipya lilipoanza 2023 ilikuwa na maswali ya aina hii yenye majibu matano, na jibu la kwanza lilikuwa sentensi ile ile bila kubadilishwa. Wengi waliliogopa, ingawa mara nyingine ndilo lililokuwa sahihi. Ni ugonjwa ule ule wa "dada wangu".

Swali la mwisho siku ile lilikuwa langu kujibu. Kijana mmoja alisimama nyuma: "Maalim, kamusi ya au kamusi la?" Nikacheka, maana wakubwa wenyewe wamegawana. TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu 1981, na BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, ikatoa Kamusi la Kiswahili Fasaha 2010. Nikamwambia achague moja, lakini akianza na "kamusi hili" asiniletee "imepotea". Limepotea.