Taifodi Isiyopona

Ukitaka kujua sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, inavyojificha, fungua daftari la mgonjwa. La mama niliyemwona asubuhi moja lilikuwa dogo, la shule, limenenepa kwa karatasi za majibu zilizobanwa kwa pini: malaria hakuna, mkojo safi, choo safi, na kipimo cha taifodi kilichosoma 1:160, yaani "ipo", mara tatu ndani ya miezi minne. Kila mara alipewa siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria. Bado kichwa kinagonga, tumbo linawaka moto, moyo unaenda mbio. "Daktari, taifodi yangu ni sugu," akaniambia.

Nikamuuliza jambo ambalo halikuwamo daftarini: usingizi je?

"Naamka saa tisa usiku. Basi, ni mawazo tu mpaka adhana."

Hicho kipimo cha taifodi, Widal, hakitafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta askari wa mwili waliowahi kupigana naye, au na wadudu wanaofanana naye, na askari hao hubaki kwenye damu muda mrefu vita vikishakwisha. Taifodi yenyewe huja na homa ya siku nyingi, na huthibitishwa kwa kuotesha damu maabara. Huyu mama hakuwa na homa hata siku moja. Siwalaumu sana wenzangu waliomwandikia dawa: foleni imefika nje ya mlango, na mgonjwa akitoka bila kipimo wala dawa huhesabu kwamba hakutibiwa.

Kwetu mtu haji zahanati kusema ana huzuni. Husema mwili hauna nguvu, kichwa kizito, mgongo unawaka. Wala hadanganyi, maumivu anayasikia kweli. Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na juu ya neno hilo daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 huduma ya bibi waliofunzwa kuwasikiliza wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Sisi tunasema "mawazo", tena mara nyingi tukicheka.

Tunachotafuta ni hali iliyodumu wiki 2 au zaidi, karibu kila siku: moyo mzito, au kutofurahia tena ulichokipenda, pamoja na usingizi kuvurugika, hamu ya chakula kupotea, kujiona huna maana. Kabla ya kuiita sonona tunaangalia pia wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo na VVU. Kwa hiyo vipimo vina kazi yake, ila si kurudia kilekile kila mwezi.

Dawa zipo, na mazungumzo na mtaalamu hutibu pia. Amitriptilini na fluoksetini haziraibishi, ila nafuu huanza baada ya wiki 2 hadi 4. Wengi huziacha siku ya saba, wakisema hazifanyi kazi. Ukipata nafuu, endelea miezi 6 au zaidi, na usiache bila kuzungumza na daktari.

Ukiwa na ndugu wa namna hii, muulize waziwazi kama anawaza kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, usingoje siku ya kliniki: mpelekeni hospitali leo hii, asiachwe peke yake, na dawa ya kuulia wadudu wa shambani na sumu ya panya ziondoke nyumbani kabla ya jioni.