Fimbo ya kuongozea haionyeshi umri wa gari

Kwa miaka mingi tumeambiwa kwamba gari la kale lenye fimbo ya kuongozea, mfano wa kana ya jahazi, lilitengenezwa kabla ya 1900, na lenye usukani wa duara ni la baadaye. Sivyo. Mwaka 1894, katika mashindano ya Paris hadi Rouen, dereva Alfred Vacheron aliendesha Panhard, gari la Kifaransa, yenye usukani wa duara. Oldsmobile ya Curved Dash ilianza kuuzwa Marekani 1901, ikiongozwa kwa fimbo. Kwa gari jepesi na la mwendo mdogo kama hilo, fimbo ilitosha kabisa.

Bodi nayo hupotosha, pengine kuliko fimbo. Rolls-Royce ya zamani hizo iliuza chesisi, yaani fremu ya chini ya gari, pamoja na injini. Mteja akaipeleka kwa mafundi wa bodi, kama Barker wa London, wamjengee atakacho. Chesisi moja iliweza hata kuvuliwa bodi ya wazi na kuvishwa ya kufunikwa. Kwa hiyo anayetafuta umri wa gari aanze na namba ya chesisi, kisha injini. Bodi aitazame mwisho.