Hiyo Dhamana Haikulindi Wewe

Wiki iliyopita alifika ofisini kwangu ndugu mwingine anayetaka kufungua yadi ya magari yaliyotumika hapa Texas, na hata kabla hajaketi akaniuliza iwapo dhamana ya dola 50,000, ile ambayo mwenye yadi huchukua kwa kampuni ya dhamana ili apate leseni, itamlipa magari yake yakipondwa na mvua ya mawe. Nimelijibu swali hilo mara nyingi mno, kwa hiyo leo naliandika. Mvua ya mawe ni kazi ya bima ya yadi. Dhamana haimlipi mwenye yadi hata senti moja. Humlipa aliyedhulumiwa naye, kisha kampuni ya dhamana humdai mwenye yadi fedha hizo.

Mepesi niyapitie haraka. Mtu binafsi anaruhusiwa kuuza magari yake yasiyozidi manne kwa mwaka. Akizidisha, anahitaji leseni, nayo hudumu miaka miwili. Kiwango cha dhamana kilikuwa dola 25,000 hadi kilipopandishwa mwaka 2021. Huhitaji kuwa na dola 50,000 benki, kwani unalipa ada tu, ambayo kwa mwenye historia nzuri ya mikopo ni asilimia chache za kiasi hicho. Jina la yadi kwenye hati ya dhamana lilingane na lililo kwenye maombi ya leseni, herufi kwa herufi.

Sasa nije kwenye ukurasa ambao karibu kila mtu anautia saini bila kuusoma, yaani mkataba wa fidia, ahadi ya kuirudishia kampuni ya dhamana chochote itakacholipa. Aliyewahi kumdhamini mwenzake kwenye SACCO analijua jambo hili tayari: mkopaji akitoroka, mdhamini hulipa, halafu humtafuta mkopaji mpaka senti ya mwisho. Kampuni ya dhamana hufanya vivyo hivyo, na hudai pia gharama za mawakili wake, na kwa kawaida humtaka mwenye yadi asaini kwa jina lake binafsi, mara nyingi pamoja na mwenzi wake, ili kusajili kampuni kusiwe kichaka cha kujifichia. Mama mmoja aliyekuja na mumewe alivaa miwani, akaufuata mstari kwa kidole, akaniuliza, “Na nyumba yetu?” Nilimjibu kwamba nyumba pia inaweza kufikiwa, kwa kadiri sheria inavyoruhusu. Aliiweka kalamu chini, na katika miaka yangu yote ya kazi hii sijaona msomaji makini kuliko yeye.

Wanunuzi nao hukosea. Injini ikifa siku ya tatu, dhamana hii haihusiki. Kinachodhaminiwa ni kwamba hundi za yadi za kununulia magari zitalipika na kwamba mnunuzi atapata hati safi ya umiliki.

Hata hivyo, nina mashaka yangu. Ada hupangwa zaidi kwa alama za mikopo, ilhali nimewaona wenye alama za juu wakikalia hati za wateja kwa miezi. Tena dola 50,000 ni jumla kwa wadai wote, si kwa kila mmoja, na mdai sharti kwanza apate hukumu ya mahakama. Aliyenunua gari la dola 6,000 na hajapewa hati atamlipa wakili kwa fedha zipi? Huwa naulizwa hivyo, na jibu langu halijawahi kumridhisha aliyeuliza.