Gothiki kwenye manga ni nini hasa, na kwa nini Black Butler inakuacha na roho mbili

Mashabiki wengi wa manga, zile hadithi za picha kutoka Japani, wakisema gothiki wanamaanisha nguo nyeusi, lesi, jumba kubwa na mwezi, na duka likishabandika hiyo lebo basi imeisha. Mi naona tunapunjwa hapo, maana gothiki sio mapambo, ni aina ya hadithi yenye namna yake ya kufanya kazi. Kuna ubaya ulifanyika zamani, ukafunikwa, watu wakajenga maisha mazuri juu yake, nyumba ikapambwa, jina la ukoo likang'aa, halafu ule ubaya unaanza kutoka wenyewe, kupitia ukuta, kupitia mtoto wa ile nyumba, kupitia maiti iliyotakiwa iwe imelala. Uzuri upo pale kwa kazi maalumu, kufunika. Kwa hiyo ukisoma gothiki nzuri lazima uvutwe na ukereke kwa wakati mmoja, na aliyependa tu bila kukereka popote ujue kaishia kwenye picha.

Mfano ninaoutumia ni Black Butler, kwa Kijapani Kuroshitsuji, ya Yana Toboso, maana sijaona manga ya aina hii iliyochorwa kwa uzuri kuishinda na pia hakuna inayonitesa kama hiyo. Ilianza mwaka 2006 kwenye GFantasy, jarida la kila mwezi la kampuni ya Square Enix, voliumu zimeshapita 30, na bado naisubiri kila mara. Naipenda sana na kuna kurasa zake sitaki kuziona tena. Hizo roho mbili ndo nataka kuzichambua, kwa sababu moja inatokana na gothiki yenyewe na nyingine haitokani nayo kabisa, na watu wanazichanganya wakibishana.

Kabla Japani hawajaichukua, hii kitu ilizaliwa Uingereza. Mwaka 1764 Horace Walpole alitoa hadithi ya ngome yenye laana ya urithi, na toleo la mwaka uliofuata akaliita wazi kabisa hadithi ya gothiki, akimaanisha ya zile zama za kati, za makanisa yenye matao yaliyochongoka. Ikaja Frankenstein mwaka 1818, Dracula mwaka 1897, kila mwandishi akihamishia ubaya kwake, mara ngome, mara maabara, mara damu. Japani iliingia kwa mlango wa manga za wasichana: Moto Hagio alianza mwaka 1972 hadithi ya wavulana vampaya wasiokua, wazuri mpaka inauma, wanaopita karne na karne huku wanaowapenda wanazeeka na kufa, na baadaye Kaori Yuki akaleta yule kijana wa ukoo mkubwa wa Uingereza anayekusanya sumu. Halafu ikatoka kwenye karatasi ikaingia mtaani, Harajuku, kitongoji cha mitindo cha Tokyo, na mwaka 1999 Mana, mpiga gitaa wa bendi ya Malice Mizer, akaanzisha lebo yake ya nguo za mtindo huo. Yaani Toboso anaanza kuchora, msomaji wake alishazoea kuona msiba na urembo ndani ya gauni moja.

Kuanzia hapa kuna spoila kubwa, mwenye kutaka kusoma bila kujua aishie hapa.

Hadithi iko Uingereza ya Malkia Victoria. Tarehe 14 Desemba 1885, siku Ciel Phantomhive anatimiza miaka 10, nyumba yao inachomwa, wazazi wanauawa, yeye anachukuliwa na kikundi cha siri kinachomfungia ndani ya kizimba na kumtendea mambo ambayo manga inayaonyesha kwa vipande vipande tu. Humo ndani anatokea shetani na wanafunga mkataba, atamtumikia mpaka kisasi kitimie, baada ya hapo ataila roho yake. Huyo shetani anapewa jina la Sebastian na kuwa mtumishi mkuu wa nyumba. Msomaji wa kwetu hahitaji kufundishwa sana hapa, stori za mtu aliyepata mali kwa jini na masharti yake tumekua nazo, ila kwenye stori zetu jini anadai njiani, leo mtoto kesho mama, na huyu Sebastian hadai chochote njiani. Anapika, anamvisha bosi wake, anamfundisha dansi, anaua watu, vyote kwa ukamilifu uleule, na ndo maana anatisha, unasoma chapta baada ya chapta unaanza kumuona kama mlezi mwema na unasahau kwamba mwisho wa mkataba ni kumla yule mtoto.

Hapo ndo uchoraji unafanya kazi yake. Kwa nyeusi na nyeupe tu Toboso anakufanya ujue hii ni hariri na ile ni velveti, vifungo, mikunjo ya koti, lesi ya mkononi, sahani za chai, hakuna kilichochorwa kwa haraka. Chapta za mwanzo Sebastian anamwamsha bosi wake huku anamtajia chai ya leo ni ipi na vikombe ni vya kampuni gani. Ukurasa umetulia, unageuza, kuna damu, na damu imechorwa kwa uangalifu uleule wa ile lesi. Wachoraji wengi wa kutisha wanachafua mstari makusudi ubaya ukifika ili ushtuke, yeye hachafui, mkono wake hautetemeki, kwa hiyo jicho lako linaendelea kufurahia wakati akili imeshajua kwamba hapa pamefanyika unyama. Hiyo hali ya jicho na akili kugombana ndo gothiki, na sijaona aliyeifanya vizuri hivyo kwenye manga ya kila mwezi.

Sehemu ya sarakasi, voliumu ya 6 mpaka ya 8, ndo ushahidi wangu mkubwa. Watoto wanapotea, malkia anamtuma Ciel achunguze, maana ukoo wake ndo unaomfanyia kazi za siri za aina hiyo, anajiunga na sarakasi kwa jina la uongo. Wasanii wa pale ni mayatima waliozaliwa na viungo pungufu au waliovipoteza, tajiri mmoja, Baron Kelvin, akawaokota na kuwapa mikono na miguu ya bandia mizuri ajabu, myepesi, laini kama vyombo vya kaure. Baadaye unajua ile mizuri imetengenezwa kwa mifupa ya watoto. Wao wanateka watoto wakiamini wanawalinda wadogo zao waliobaki nyumba ya maskini, na Ciel akifika kwa baron anakuta watoto waliotekwa bado wanapumua, anaamuru Sebastian achome jumba zima na wao wakiwa ndani. Halafu anaenda kuitafuta ile nyumba ya maskini, anakuta magofu, hakuna mtu, wale wadogo waliokuwa wanalindwa hawapo zamani. Anacheka. Shujaa wetu ndo kafanya hivyo, na mchoraji hajakuonyesha kwa kidole ukasirike au umhurumie. Nilikereka sana na naamini nilitakiwa nikereke, hiyo ni roho ya kwanza, ni haki ya hadithi.

Nyumba yenyewe nayo ipo kwenye mchezo. Jumba la Phantomhive liliungua, linaloonekana kwenye kila ukurasa ni lile Sebastian alilolirudisha kama lilivyokuwa, mpaka ndani, yaani tangu chapta ya kwanza tunakunywa chai kwenye nyumba ya uongo. Na zaidi ya miaka 10 baada ya hiyo chapta tunajua hata jina la mwenye nyumba ni la uongo, walikuwa mapacha, Ciel halisi alichinjwa kafara kule kizimbani, huyu tuliyemfuata ni mdogo wake aliyechukua jina na cheo cha marehemu, na sasa marehemu kafufuliwa anarudi kudai vyake. Dalili zilikuwepo mapema na wako waliokisia, lakini kule kusubiri kwa miaka yote ndo kulifanya ipige, maana tulishalipenda jina lisilo lake.

Hapo urefu umeisaidia. Kwingine umeiumiza, na hii sio gothiki tena, ni mambo ya kuchapisha kwa awamu. Chapta moja kwa mwezi, kesi moja inaweza kula miaka, utani wa wale watumishi wanaovunja vyombo unarudi na kurudi, na tangu mwaka 2020 Toboso anabeba pia gemu ya Disney Twisted-Wonderland, hadithi na sura za wahusika, kwa hiyo kichwa kimoja kina kazi mbili kubwa. Siri ya gothiki inataka mlango uliofungwa, na ukiufungua kidogo kidogo kwa karibu miaka 20 hofu inageuka mazoea. Maiti zinazotembea mara ya kwanza, kwenye kesi ya meli, zilinitisha kweli. Baadaye zikawa tu kitu cha kupigana nacho.

Roho ya pili ndo nzito na nataka niiseme bila kuzunguka. Ciel ni mtoto, miaka 12 kuingia 13, na kuna kurasa anachorwa kwa pozi na kwa pembe zinazomwalika msomaji amtazame kama mtu mzima wa kutamaniwa, na mara nyingine inaletwa kama kichekesho, kama ile ya kumvisha gauni la msichana na kumkaza kiuno kwenye kesi ya Jack the Ripper, yule muuaji wa wanawake wa London. Mashabiki wanajibu kwamba gothiki siku zote imecheza na usafi ulio hatarini. Ni kweli imecheza, ila kuonyesha kwamba mtoto yuko hatarini na kumtengeneza awe pambo ni vitu viwili, na hii manga inajua tofauti, maana kumbukumbu za kile kizimba zimechorwa kwa heshima na uchungu, kamera inageuka pembeni pale inapotakiwa kugeuka. Anayejua kugeuza pembeni akaacha kugeuza kwa ajili ya utani, mimi hapo simtetei.

Kuna na hili la utajiri. Hadithi inatembea miaka ya 1888 na 1889, na mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani walikuwa wameshakaa mezani wakaamua kwamba Sultani wa Zanzibar abaki na ukanda wa maili 10 tu kwenye pwani ya bara, kwingine wakagawana. Ndo Uingereza hiyohiyo ya zile sahani za chai. Gothiki kazi yake ni kuuliza jumba limesimama juu ya nini, na Black Butler inauliza kwa ukali kuhusu ukoo, kuhusu kanisa la uongo, kuhusu matajiri wanaonunua watoto, lakini ikifika kwenye himaya inanyamaza. India inaingia kupitia mwanamfalme Soma na mtumishi wake Agni, wahusika ninaowapenda, halafu kesi yao inaishia kwenye mashindano ya kupika kari. Lau, Mchina mwenye nyumba ya afyuni, amechorwa kama fumbo la kuchekesha, wakati Uingereza ndo iliyopigana vita na China ili hiyo biashara ipite. Mchoraji mwenye macho ya kuona mifupa ndani ya mguu wa bandia angeweza kuiona na hiyo, na mi nasikitika hakwenda huko.

Kwa anayetaka kuanza, anzia kwenye karatasi na sio kwenye anime, yaani katuni za video za Kijapani, maana rangi inaufuta ule ugomvi wa nyeusi na nyeupe ninaousema. Anime ya mwaka 2008 ilifuata manga mwanzoni kisha ikatengeneza mwisho wake yenyewe, ya mwaka 2010 haitoki kwenye manga, waliorudi njiani ni Book of Circus mwaka 2014, na baada yake filamu ya meli mwaka 2017, kesi ya shuleni mwaka 2024 na ya mchawi wa Ujerumani mwaka 2025. Mtu mwenye mdogo wake wa shule ya msingi asimpe hii kwa kuona tu majalada yana mtoto mzuri na peremende, aisome yeye kwanza mpaka voliumu ya 8, ndo aamue.