Kwa nini riba ya Benki Kuu ikishuka, mkopo wa mwenye duka haushuki siku hiyo hiyo?

Mwezi Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake ya msingi, ile inayoongoza riba nyingine nchini, hadi asilimia 13, na kuanzia Agosti mwaka huo ikaanza kuipunguza hatua kwa hatua, mkutano baada ya mkutano, hadi ilipofika asilimia 9 Desemba 2025. Hizo ni pointi 4 nzima. Katika kipindi hicho hicho, wastani wa riba ambayo mabenki ya biashara huwatoza wakopaji uliendelea kupanda hadi takriban asilimia 17.2 Novemba 2024, ndipo ukaanza kuteremka polepole, na mwishoni mwa 2025 ulikuwa karibu asilimia 15. Mwenye duka la jumla Kakamega aliyesikia redioni kwamba riba imeshushwa, kisha akaenda benki na kukuta bei ile ile, ana haki kabisa ya kuuliza pointi zile nyingine zilipotelea wapi.

Jibu la kwanza limo katika fedha zenyewe ambazo benki inakopesha. Sehemu kubwa ni amana za wateja, na wateja wakubwa huweka fedha zao kwa muda maalumu, miezi 6 au mwaka mzima, kwa riba iliyokubaliwa siku ya kuziweka. Benki iliyoahidi riba ya juu wakati wa ukata wa 2024 ilipaswa kuendelea kuilipa hata baada ya Benki Kuu kulegeza kamba, na gharama hiyo ikabaki mgongoni mwa mkopaji mpaka amana hizo zilipoiva.

Jibu la pili ni zito zaidi, nalo ni Serikali. Katikati ya 2024 Hazina ilikuwa ikikopa kwa hati za siku 91 kwa riba iliyokaribia asilimia 16, na Februari mwaka huo hatifungani ya miundombinu, yaani mkopo wake wa miaka mingi, ilikuwa imetolewa kwa zaidi ya asilimia 18. Benki inayoweza kuikopesha Serikali kwa faida kama hiyo, bila kutuma afisa wa kukagua stoo wala kuhofia kwamba mdaiwa atafunga duka na kuhama, haina sababu ya kuharakisha kumpunguzia riba mfanyabiashara mdogo. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Riba ya hati hizo za siku 91 iliposhuka hadi chini ya asilimia 8 mwishoni mwa 2025, mabenki yalilazimika kuwatafuta tena wakopaji wa kawaida.

Kenya ilikwisha jaribu kulitatua tatizo hili kwa sheria. Kuanzia Septemba 2016 mabenki yalikatazwa kutoza zaidi ya pointi 4 juu ya riba ya msingi, na wengi tulishangilia. Lakini benki isiyoruhusiwa kupandisha bei kulingana na hatari ya mkopaji humkataa mkopaji huyo, na fedha zikaelekea serikalini na kwa kampuni kubwa, hata kikomo hicho kikaondolewa Novemba 2019. Hatari yenyewe si ya kubuni: katika sehemu kubwa ya miaka ya 2024 na 2025 zaidi ya asilimia 16 ya mikopo yote ya mabenki ilikuwa chechefu, yaani hailipwi inavyopaswa.

Kuanzia Septemba 2025 Benki Kuu imeleta utaratibu mwingine kwa mikopo mipya yenye riba inayobadilika, ambapo bei hujengwa juu ya wastani wa riba ambayo mabenki hukopeshana usiku mmoja, uitwao KESONIA, kisha benki huongeza nyongeza yake. Nyongeza hiyo inabeba gharama za uendeshaji, faida ya wenye hisa na hatari ya mkopaji, na benki hutakiwa kuitangaza. Mikopo ya zamani ilipewa hadi mwisho wa Februari 2026 kuhamia huko. Ubora wake ni kwamba mkopaji anaweza kuona ni kipi kilichoshuka na ni kipi kilichobaki pale pale.

Hebu tupige hesabu. Mkopo wa shilingi 500,000 wa miezi 24, kwa riba ya asilimia 18 inayotozwa kwenye salio linalopungua, hulipwa takriban shilingi 24,960 kwa mwezi. Kwa asilimia 15 malipo ni kama 24,240. Nafuu ya pointi 3 ni shilingi 720 hivi kwa mwezi, yaani kama 17,000 kwa miaka miwili. Ada ya kushughulikia mkopo ya asilimia 3, inayokatwa siku ya kwanza, ni shilingi 15,000, na hapo bima na ada za mwanasheria hazijaguswa. Kwa hiyo mwenye duka anayefuatilia riba peke yake anaweza kupewa punguzo kwa mkono mmoja na kutozwa ada kwa mkono wa pili, na ndiyo maana namba ya kuulizia benki ni jumla ya shilingi zitakazomtoka hadi malipo ya mwisho.

Je, riba zitaendelea kushuka? Mfumuko wa bei ulikuwa chini ya asilimia 5 mwaka 2025, na lengo la Serikali ni kati ya asilimia 2.5 na 7.5, kwa hiyo Benki Kuu ilikuwa na nafasi ya kulegeza. Kinachoweza kuirudisha nyuma ni mafuta kupanda bei, shilingi kuyumba, au Hazina kurudi sokoni na njaa ya 2024. Anayetaka kujua mkopo wake utaelekea wapi atazame kwanza minada ya hati za Serikali, ambayo hufanyika kila wiki, kabla ya kungoja mkutano wa Kamati ya Sera ya Fedha, ile ya Benki Kuu inayopanga riba ya msingi.