Chai ya rangi, barafu na soda: maswali ya wazazi kuhusu vinywaji vya watoto

Mbagala, Dar es Salaam, saa moja asubuhi. Mama anageuza maandazi kwenye karai, na pembeni mwanawe wa kama miaka miwili kashika kikombe cha plastiki chenye chai ya rangi. Anachovya andazi mpaka lilainike, analimumunya, kisha anaigugumia chai yote. Keshashiba. Mpaka saa saba mchana hataki kitu. Siku ya kliniki, huyo huyo mama atauliza kwenye foleni ya mzani kwa nini uzito haupandi.

Chai ya rangi na andazi ina ubaya gani? Mbona sote tumekulia hiyo?

Tumekulia hiyo, na wengi wetu tungekuwa warefu kuliko tulivyo. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Mwaka 2015/16 walikuwa 34, kwa hiyo tunasogea, ila polepole.

Chai peke yake haidumazi mtoto, lakini inachangia kwa njia mbili. Kwanza inajaza tumbo. Tumbo la mtoto mdogo hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, maana yake mtoto wa kilo 10 anajaa kwa mililita 300. Hicho ni kikombe kimoja. Akikijaza maji ya rangi yenye sukari, yai litakaa wapi? Pili, chai ina tanini, ile inayoleta ukakasi mdomoni na kuacha doa kwenye kikombe. Tanini hung'ang'ania madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga, mwili usiyapate. Na hapa nchini zaidi ya nusu ya watoto wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu.

Mtoto mdogo hana haja ya chai. Andazi lake alichovye kwenye uji au maziwa. Kwa mkubwa kidogo aliyekwisha kuizoea, iwe nyepesi na isiandamane na chakula. Ipite kama saa moja kati yake na chakula.

Uji nampa kikombe kizima asubuhi na jioni, lakini mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala. Kwa nini?

Nyanyua uji kwa kijiko kisha ukiinamishe. Ukimwagika kama maji, mtoto anakunywa maji yaliyopita karibu na unga. Uji wake uwe mzito, ushike kwenye kijiko, hata kama itabidi alishwe badala ya kunywa. Halafu uutie kitu: karanga zilizosagwa, kijiko cha mafuta, tui la nazi, au dagaa waliokaushwa na kutwangwa wakawa unga. Harufu ya dagaa inawakera wazazi kuliko watoto, nimeliona hilo mara nyingi. Karanga zilizosinyaa au zenye ukungu zitupe, zinaweza kuwa na sumukuvu, na kuzikaanga hakuiondoi yote.

Maziwa ni ghali. Nikiyaongeza maji yafike siku mbili?

Utakuwa umenunua maziwa ukampa maji. Afadhali nusu kikombe cha maziwa halisi yaliyochemshwa, au uyamimine kwenye uji. Na kama bado ananyonya, usimwachishe. Kati ya mwaka mmoja na miwili maziwa ya mama bado yanaweza kumpa kama theluthi ya nguvu anayohitaji kwa siku, na hayana bei.

Joto la Dar hili, kichanga wa miezi mitatu asinywe hata maji?

Asinywe. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za maziwa ya mama ni maji. Joto likizidi, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Bibi akisisitiza, mwambie nesi kakataza, lawama tutazibeba sisi.

Juisi ya unga na barafu za nailoni si zina matunda?

Nyingi zina picha ya embe. Ndani ni sukari, rangi na ladha. Soda ya chupa ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 hivi, yaani vijiko vya chai saba au vinane. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kwa siku. Kwa mtoto wa miaka mitatu hizo ni kama gramu 25 hadi 30, kwa hiyo chupa moja tu imemaliza fungu la siku nzima, na bado hajanywa chai. Bei ya chupa hiyo inampatia yai, na chenji inabaki.

Soda ya Idi au Krismasi haina neno. Tunaisema ile ya Jumanne saa nne asubuhi, kisa mtoto analia na mama ana wateja. Nawaelewa, kulea huku unauza genge ni kazi mbili. Ila vinywaji vya kuongeza nguvu, vile vya madereva wa bodaboda, mtoto asionjeshwe kabisa. Vina kafeini.

Rozela inaongeza damu?

Wekundu wake umeipa sifa hiyo. Damu inahitaji madini ya chuma, na hayo yapo kwenye maini, nyama, dagaa na maharage. Chungwa, au ubuyu halisi usiopakwa rangi, vina vitamini C inayosaidia mwili kuyapokea. Mtoto akipauka viganja, apelekwe akapimwe damu.

Maji ya kisima yana chumvi, ya dumu siyaamini, na mkaa umepanda. Nifanye nini?

Ukiweza, chemsha. Usipoweza, tumia dawa ya kutibu maji kwa kufuata maelezo yake. Hata jua la Dar linasaidia: jaza maji yasiyo na tope kwenye chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, ilaze juu ya bati kwa saa sita, kukiwa na mawingu, siku mbili. Chumvi haitatoka, lakini vijidudu vingi vya kuhara vitakufa. Mtoto anayeharisha kila mwezi hupoteza chakula ulichomtafutia kwa jasho.

Akiharisha, soda usimpe, itazidisha. Pakiti moja ya ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, kwenye lita moja kamili ya maji safi: pima kwa chupa ya lita, usikadirie kwa jagi. Pamoja nayo apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu, na aendelee kula na kunyonya. Kukiwa na damu kwenye choo, akiwa na macho yaliyobonyea au akishindwa kunywa, mbebe umpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo.