"Mafuta Machafu": Maneno Mawili Yanayomnyima Mwenye Pikapu Haki Yake

Pikapu ya dizeli haijatimiza miaka miwili tangu itoke dukani. Inaanza kuwaka kwa shida asubuhi, ikipanda mlima inakohoa, na siku moja inazima katikati ya mlima Kitonga ikiwa na mzigo. Inavutwa hadi kwa wakala aliyeiuza. Siku ya tatu simu inalia: "Mzee, tumefungua, tumekuta mafuta machafu. Waranti haihusiki hapo." Nyuma ya simu inafuata karatasi ya makadirio: pampu ya presha, nozeli 4 za kupulizia mafuta, reli (bomba nene linalolisha nozeli hizo), mabomba, kusafisha tangi. Mamilioni.

Nimewasikiliza wenye pikapu wengi wakiwa na karatasi hiyo mkononi. Kinachoniumiza ni kwamba wengi wanakuwa wameshashindwa kabla ya kuanza kudai. Wanaamini mambo yasiyo ya kweli, na kwa kuyaamini wanaacha ushahidi wao wenyewe umwagwe kwenye ndoo ya gereji.

"Wakishasema mafuta machafu, basi, hakuna waranti tena"

Waranti ni ahadi ya mtengenezaji kuhusu kasoro ya kifaa au ya uundaji. Mafuta hakuyatengeneza yeye, na karibu kila kitabu cha waranti kinaondoa uharibifu uliosababishwa na mafuta yenye maji au yaliyochakachuliwa. Hapo wakala yuko sahihi. Ila "tumekuta mafuta machafu" ni dai, na mwenye kudai aonyeshe. Machafu kwa kitu gani? Maji? Mafuta ya taa? Mchanga? Petroli? Na je, uchafu huo ndio ulioiua pampu, au ulikutwa tu kwenye tangi la gari lililokufa kwa ugonjwa mwingine?

Vitu hivi huacha alama tofauti. Maji huacha kutu: ukifungua pampu unaona madoa ya kahawia kwenye vyuma, na kutu iliyokwisha kuchimba chuma si kazi ya mafuta yaliyonunuliwa jana jioni. Mafuta ya taa hayaleti kutu. Yenyewe ni mepesi na hayana utelezi wa dizeli, kwa hiyo vyuma vinasuguana vikavu na kuchunika. Ukikuta chenga za chuma zinazong'aa, hakuna kutu popote, na sampuli ya mafuta ikipimwa ni safi, swali linarudi kwa aliyetengeneza pampu: kwa nini inajila yenyewe?

Swali hilo limeshafika mahakamani Marekani. Pikapu kubwa za dizeli za huko, zikiwamo za GM zenye injini ya Duramax za miaka ya modeli 2011 hadi 2016 na za Ford zenye injini ya lita 6.7, zilifungwa pampu ya presha ya Bosch iitwayo CP4. Ndani yake kuna rola inayobingirika juu ya kamu, yaani chuma chenye nundu kinachozunguka, na kusukuma pistoni ndogo. Kishikio cha rola kikijizungusha kidogo, rola inakaa upande, inaacha kubingirika na kuanza kukwangua. Chenga zake zinaingia kwenye reli, kwenye nozeli, na kupitia bomba la marejeo hadi kwenye tangi. Mwenye gari alikuwa anaambiwa alipe karibu dola 10,000, na sababu aliyopewa mara nyingi ni ileile tunayopewa sisi: mafuta yako.

Wamiliki wakajibu kwa hoja moja nzito. Kipimo cha utelezi wa dizeli ni ukubwa wa kovu linaloachwa kwenye chuma kinaposuguliwa ndani ya mafuta hayo. Kiwango cha Ulaya kinaruhusu kovu la mikroni 460 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), cha Marekani mikroni 520. Kwa hiyo, walisema, mliuza pampu isiyohimili dizeli halali ya nchi mliyoiuzia. Watengenezaji walikana, lakini GM ilikubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi mojawapo, na Ram, kampuni nyingine ya pikapu, mwaka 2021 ikaita gereji magari zaidi ya 200,000 ya modeli za 2019 na 2020 kwa sababu ya pampu hiyohiyo. Sisemi kwamba kila pampu inayokufa Dodoma au Nakuru ina kasoro ya kiwandani. Hapa kwetu mafuta mabaya ni tatizo la kweli. Ninachosema ni kwamba jibu la wakala linapimika, na lipimwe.

Ukipigiwa simu ile, sema: "Msimwage chochote, nakuja." Omba sampuli zichukuliwe mbele yako, kutoka kwenye tangi na kutoka kwenye filta, zitiwe kwenye chupa safi na kavu za kioo au makopo ya chuma. Chupa ya maji ya kunywa iliyobaki na matone ndani itakuangusha. Ziwe seti 3: ya wakala, ya maabara na ya kwako. Zifungwe, ziandikwe tarehe, saa na namba ya gari, na nyote wawili msaini kwenye lebo. Piga picha za filta na vipande vya pampu kabla havijaoshwa. Wakikataa, waandikie siku hiyohiyo ukieleza kwamba umeomba na umekataliwa. Kwa Tanzania, Shirika la Viwango (TBS) lina maabara ya kupima mafuta. Mafuta ya taa ndani ya dizeli hujulikana, kwa sababu mvuke wake hushika moto kwenye joto la chini kuliko wa dizeli halisi.

"Dizeli ni dizeli, Land Cruiser la babu lilikunywa chochote"

Lilikunywa, ni kweli. Injini kama 1HZ ya Land Cruiser hizo ina pampu ya kizamani isiyo na kompyuta, na nozeli zake hufunguka kwa presha ya bar mia moja na kitu. Lina uvumilivu wa punda. Lakini Hilux za D-4D, D-Max mpya na Ranger zote zinatumia komoni reli, yaani reli moja ya presha inayolisha nozeli zote, ambako dizeli husukumwa kwa presha ya bar 1,600 na kuendelea, na baadhi ya injini mpya zinapita 2,000. Tairi la pikapu hiyo lina bar 2 na nusu hivi, linganisha mwenyewe. Nafasi kati ya vyuma ndani ya nozeli ni mikroni chache, wakati unywele wa binadamu ni mikroni 50 hadi 100. Tena pampu hiyo hailainishwi na oili ya injini. Inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake.

Dizeli nayo imebadilika. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Ni jambo jema kwa mapafu ya watoto wetu, ila usafishaji unaotoa salfa hutoa pia sehemu ya utelezi wa asili, na lazima utelezi huo urudishwe kwa viungo maalumu. Mtu anayemimina mafuta ya taa juu ya dizeli ya namna hii anaua pampu ya kisasa kwa kitu ambacho ya babu ingekistahimili.

"Sheli yenye jina kubwa ina mafuta yake, hayachakachuliwi"

Nchini Tanzania mafuta yanaagizwa kwa pamoja tangu mwaka 2012. Meli moja inashusha mzigo wa kampuni nyingi, kwa hiyo dizeli ya sheli ya kifahari na ya sheli ya kijijini inaweza kuwa imetoka kwenye meli moja. Tofauti huanza baada ya hapo: lori lililosimama njiani usiku, tangi la chini ya ardhi ambalo mfuniko wake unaingiza maji masika, pampu isiyobadilishwa chujio. Jina kubwa linaweza kumaanisha usimamizi bora zaidi. Haliwezi kuwa kinga. Na ukikuta lori linashusha mafuta, pita, kajaze mbele, maana uchafu uliolala chini ya tangi la sheli umetibuliwa.

Serikali zimepigana na wachakachuaji. EWURA, mamlaka ya Tanzania inayosimamia nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta yaliyochakachuliwa) kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa ili kuchanganya kusilipe. Kenya ilifanya kama hivyo mwaka 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa. Mwananchi wa kawaida anayewasha koroboi ndiye aliyebeba mzigo huo, na hilo lisisahaulike tunapozungumzia pampu zetu.

"Taa ya njano ya maji nitaishughulikia siku ya sevisi"

Hii ndiyo inayowaangusha wengi, na hapa siwezi kuwatetea. Taa hiyo inasema chombo cha kutenganisha maji chini ya filta kimejaa. Maji ni mazito kuliko dizeli, yanatuama chini, na kazi ya dereva ni kulegeza koki, kuyatoa mpaka itoke dizeli tupu, kisha kufunga na kupampu kwa mkono. Ni kazi ya dakika 10. Ukiendelea kuendesha, maji yanapita kwenda kwenye pampu, na kompyuta ya gari inatunza kumbukumbu za hitilafu. Wakala akitoa karatasi inayoonyesha taa iliwaka na gari likaendelea kutembea kwa wiki kadhaa, hata mahakama yenye huruma itakuuliza ulikuwa unangoja nini. Wenye madereva wa kuajiriwa, wafundisheni koki hiyo kabla hamjawakabidhi ufunguo.

"Nimeweka petroli kwa bahati mbaya, nitaijazia dizeli itapotea"

Haipotei. Petroli inakausha pampu. Usiwashe gari, usigeuze hata ufunguo, maana baadhi ya magari yana pampu ndani ya tangi inayoanza kusukuma papo hapo. Lisukumeni pembeni, tangi litolewe lote. Kosa hilo, kama mwekaji ni mhudumu wa sheli, ni la sheli. Mwite msimamizi wakati gari bado liko pale.

"Oili ya pikipiki kidogo kwenye tangi inalinda pampu"

Madereva wa masafa marefu wanalipenda sana hili. Pengine linasaidia injini kuukuu. Kwa pikapu iliyo chini ya waranti ni kumpa wakala sababu bila malipo: ikikutwa kwenye sampuli kitu ambacho kitabu hakikukiruhusu, mjadala unahama kutoka kwenye pampu yao kuja kwenye mikono yako.

"Nikifanya sevisi kwa fundi wa mtaani, waranti imekufa yote"

Marekani kuna sheria ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, inayomzuia mtengenezaji kufunga waranti kwa sharti la kutumia vipuri au gereji yake kama haitoi huduma hiyo bure. Watu wanaisoma mitandaoni na kudhani ni ya dunia nzima. Sio. Kwetu, jambo la kwanza ni kitabu ulichosaini: kama kimesema sevisi ifanyike kwa wakala hadi kilomita fulani, fanya hivyo hata kama inauma. Vilevile sevisi ya nje haiui waranti ya kila kitu kwa mkupuo. Kubadilisha pedi za breki kwa fundi wako hakuna uhusiano wowote na nozeli. Filta ya dizeli ndiyo ya kuogopa. Filta bandia zimejaa madukani, zinafanana na halisi hadi hologramu. Nunua kwa risiti, tunza boksi, na filta ya zamani ikitolewa ipige picha.

Aliyeagiza pikapu iliyotumika kutoka Japani ajue mapema kwamba wakala wa hapa kwa kawaida hana deni lolote kwake. Yeye haki yake iko kwa aliyemuuzia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inamtaka muuzaji atoe kitu kinachofaa, ingawa mkataba unaweza kulipunguza hilo. Ndiyo maana wauzaji wengi huandika "kama lilivyo" kwa herufi ndogo.

"Pampu ikibadilishwa, tatizo limekwisha"

Chenga zimeshafika kwenye reli, nozeli na tangi. Pampu mpya ikifungwa juu ya mfumo mchafu inakufa nayo, mara nyingi ndani ya muda mfupi, na safari hiyo watakwambia fundi wako ndiye aliyeua. Mfumo wote usafishwe au ubadilishwe. Nozeli mpya nazo zina namba za urekebishaji ambazo kwenye magari mengi lazima ziingizwe kwenye kompyuta. Fundi asiyejua habari za namba hizo asiguse.

"Sheli huwezi kuishinda"

Huwezi kama huna risiti. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ina tarehe, saa, lita na jina la kituo. Pikapu iliyojazwa saa 2 asubuhi na kuzima saa 3 ina hadithi inayoeleweka, hasa kama magari mengine yaliyojaza hapo yamezima siku hiyo. Peleka malalamiko EWURA kwa maandishi, ambatanisha risiti, matokeo ya maabara na ripoti ya fundi. Kenya utaanzia EPRA, mamlaka ya nishati ya huko, na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 iko upande wako. Kama mvutano ni na wakala aliyekuuzia gari, Tanzania tuna Tume ya Ushindani, FCC, yenye jukumu la kumlinda mlaji.

Wengi hutaka kumshtaki mmoja tu, ama sheli ama wakala, kisha kila mmoja anamsukumia mwenzake. Waandikie wote wawili, barua moja yenye nakala kwa kila upande. Wakala akishasema kwa maandishi kwamba ni mafuta, maandishi hayo yanakufaa dhidi ya sheli. Sheli ikileta kipimo kwamba mafuta ni safi, kipimo hicho kinakufaa dhidi ya wakala. Chupa ya tatu, ile iliyobaki kwako, iweke kabatini penye giza na baridi, mbali na jiko, na lebo yake iendelee kusomeka.